Mlimani Bila Mwenzi

Msafiri atokaye Mbeya mjini kwenda Tunduma, akisha kupita Iyunga na kuteremka hata Mbalizi, aghalabu huyakaza macho yake barabarani, kwa kuwa barabara ile ni ya malori yaendayo na yarudiyo Zambia na Kongo, wala haimpi dereva wasaa wa kutazama kando. Na abiria naye, ikiwa hakushughulishwa na wauzao ndizi na parachichi dirishani, hushughulishwa na vumbi na makelele ya soko. Kwa sababu hiyo mlima uliosimama mkono wake wa kuume, ulio mrefu kupita yote ya safu ya Mbeya, humpita pasipo kusalimiwa. Nimeishi miaka mingi hapa Mbalizi nikiwasikia watu waliozaliwa chini ya mlima huo wakisimulia habari za Kilimanjaro kwa ufasaha kuliko wanavyoweza kusimulia habari za jabali linalowapa maji ya kunywa. Na sura hii nimeiandika kwa ajili yao kwanza, kisha kwa ajili ya mtu yeyote mwenye miguu mizima na nia ya kulala mahali pasipo na mlango wa kubishwa hodi.

Kilele cha Mbeya kina kimo cha takriban mita 2,820 juu ya usawa wa bahari, na ndugu yake Loleza, aliyeuinamia mji wa Mbeya na kubeba minara ya mawasiliano kichwani, ana mita 2,656. Kutoka sokoni Mbalizi hata kileleni mtu hupanda zaidi ya mita 1,200 za wima, kazi ambayo kijana mwepesi huimaliza kwa siku moja kwenda na kurudi, na ambayo mtu wa umri wangu, aliyebeba hema na chakula chake, hufanya vema akiigawa kwa usiku. Kimo hicho si haba, lakini si cha kuua. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, haupandwi bila kiongozi aliyeandikishwa, na hiyo ni kanuni njema, maana hewa ya kule juu ni nyembamba na humdhuru mtu mwenye afya pasipo kumpa onyo la kutosha. Mlima wetu hauna maradhi hayo, na njia zake ni za wenyeji, hivyo mtu akitaka kwenda peke yake huweza. Na kwa kuwa huweza, tadbiri ya safari, hadhari ya njiani na dhima ya kurudi salama huwa juu yake mwenyewe.

Neno hili, kwenda peke yako, linahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wengi hulisikia vibaya. Huku kwetu mtu anayezunguka milimani bila mwenzi hushukiwa, na shuku hiyo haikuzuka bure. Tangu dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipoanza kuvuta watu katika miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya biashara hiyo, wakazi wa safu hii wameona wageni wa kila namna wakipita na sururu, na si wote waliokuja kwa heri. Wapo wanaoingia msituni kukata mbao usiku. Wapo wachimbao okidi za mwituni, ambazo viazi vyake husafirishwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na ambao wamekwisha kuzikausha sehemu nyingi za nyanda hizi. Na zaidi ya hao, Wasafwa, ambao ndio wenyeji wa kale wa milima hii, walikuwa na vichaka vya matambiko ambamo mti haukukatwa wala mgeni hakuingia ovyo, na ijapokuwa wengi wao leo ni watu wa kanisani, staha ya mahali pale haijafutika mioyoni. Kwa hiyo mtu aonekanaye peke yake juu ya mlima, hana ng'ombe, hana shoka, hana mzigo wa kuni, huulizwa kwa haki: unatafuta nini?

Jawabu langu limekuwa lile lile siku zote, kwamba natafuta kuona. Watu wawili wakipanda pamoja huzungumza, na mazungumzo ni tunu, lakini hula macho. Hufika kileleni wakiwa wamemaliza habari za mjini na hawajaona mahali ambapo udongo ulibadilika rangi. Mtu aliye peke yake hana wa kumwambia kitu, basi kila kitu humwambia yeye. Hii ndiyo faida yake, wala sidai nyingine. Sipandi ili kuwakimbia watu, na kwa kadiri nilivyozidi kutembea ndivyo nilivyozidi kusadiki kwamba hakuna binadamu apandaye mlima pasipo watu. Reinhold Messner, aliyekuwa mtu wa kwanza kufika kilele cha Everest peke yake, tarehe 20 Agosti 1980, tena bila mtungi wa hewa, alikuwa na mwenzake chini akimngojea kambini. Ikiwa yule, ambaye sifa ya upweke imemwangukia kwa haki kuliko wote, aliwekewa mtu wa kujua kama amerudi au hakurudi, mimi wa Mbalizi ni nani hata nijifanye sina haja ya mtu?

Basi safari huanza kwa idhini. Safu ile ni hifadhi ya msitu, na mtu huanzia kwa wahifadhi na kwa serikali ya kijiji; lakini iko idhini ya pili isiyoandikwa, nayo huombwa kwa mwenyeji aliye wa mwisho kabla ya msitu. Kwangu mimi mwenyeji huyo ni mzee mmoja ambaye nyumba yake imekaa juu ya mashamba ya kahawa, mahali njia ya gari inapokoma na njia ya miguu inapoanza. Humkuta aghalabu anachambua maharage au anakaza mpini wa jembe, nami husimama mbali kidogo na kupiga hodi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unapanda tena?”

“Napanda, baba, ukiniruhusu.”

“Utalala upande gani?”

Hapo humweleza kila kitu: njia nitakayopita, bega la mlima nitakalotandika hema, na saa ya siku nitakayoteremka. Naye hunipa habari za mlima kama zilivyo wiki ile, kwamba daraja la magogo limeoza, kwamba wachungaji wamehamia upande wa magharibi, kwamba moto ulionekana juzi. Kisha hunipa sharti lake, ambalo halijabadilika: nisirudi kwa njia nyingine bila kumjulisha, maana jua likitua sijaonekana atawatuma vijana, na vijana wana kazi zao. Sharti hili ni amana. Mtu akikubali kutafutwa, amekubali pia kutowasumbua wamtafutao. Na tangu nilipolielewa hilo nimeacha kabisa tamaa ya kukata njia mpya kwa ajili ya kuona tu kilichoko upande wa pili.

Vyombo vyangu ni vichache. Shanta moja ya turubai, hema dogo, mfuko wa kulalia na blanketi la sufu juu yake, kwa kuwa mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya huku si ya kubembelezwa, koti la mvua hata katika kiangazi, tochi na betri za akiba, kisu, kiberiti kilichofungwa katika nailoni, jiko dogo la gesi na sufuria moja. Katika chakula nimejifunza kutobeba maharage makavu, na sababu yake ni ya elimu: kadiri mtu apandavyo, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha, hata karibu na kilele cha Mbeya hutokota kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Maharage yaliyoiva kwa saa mbili Mbalizi yatakunywesha gesi yote ya mtungi huko juu nayo yangali magumu. Hubeba viazi mviringo vilivyochemshwa nyumbani, ambavyo vinangoja kupashwa tu, na usipa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa vizuri, na chumvi, na pilipili, na majani ya chai. Mtu aliyepanda tangu asubuhi akila usipa na viazi karibu na moto wa buluu wa jiko, hahitaji kuambiwa kwamba ameshiba.

Njia ipandayo kutoka upande wa Utengule hupita katikati ya mashamba ya kahawa, na jina la mahali hapo lina historia ambayo haifai kupitwa kwa haraka. Merere, mtemi wa Wasangu, alipobanwa na Wahehe katika karne ya 19 hata akaiacha nchi yake tambarare ya Usangu, alihamia huku Usafwa na kujenga ngome ya ukuta, akaitawala nchi ya wenyeji kutoka hapo mpaka Wajerumani walipokuja. Nao wamisionari wa Moravian, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Rungwe mwaka 1891, wakafungua kituo Utengule mwaka 1895. Nilipopita mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini mtu aliyezoea uwanda wa malisho achague kukaa chini ya mlima. Kadiri nilivyopanda, jawabu lilijifunua lenyewe. Mwenye ngome pale anao ukuta wa mawe mbele na ukuta wa mlima nyuma, na kati ya kuta mbili hizo anayo maji yasiyokatika.

Juu ya kahawa kuna mahindi na maharage, na juu ya mahindi kuna viazi, kisha miti ya kupandwa, mikaratusi na misindano, iliyosimama kwa safu na kuinyima ardhi nuru. Sehemu hii huipita kwa haraka, maana haina mengi ya kusema isipokuwa nyayo za akina mama waendao kuni. Njia yenyewe ni kazi yao. Wameikata kwa miguu, kizazi baada ya kizazi, wakizunguka kila jabali kwa mwinamo ambao mtu mwenye mzigo kichwani anaweza kuuvumilia, na mhandisi aliyesoma asingeweza kuipima vizuri zaidi. Nikikutana nao huwapisha upande wa juu, kama adabu ya njia inavyotaka, kwa sababu ashukaye na mzigo hana nafasi ya kusimama.

Misitu ya kupandwa ikikoma, mlima huwa wazi. Majani huwa marefu kufika kiunoni, ya rangi ya simba, na kati yake kuna maua yakaukayo yasipoteze rangi yake, na vichaka vya miti mifupi yenye vichwa vikubwa vya maua mfano wa ngumi iliyofungwa, ambayo wataalamu huiita protea. Na katika mabonde yaliyojificha hubaki vipande vya msitu wa asili, vyeusi, vyenye ndevu za ukungu zikining'inia matawini. Mawe yake ni ya kale mno, ya tabaka zilizopondwa na kupikwa chini ya ardhi kabla hakujakuwa na kiumbe wa kuyatazama. Hapo ndipo safu ya Mbeya inapotofautiana na milima ya kusini yake. Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ni volkano. Ngozi, wenye ziwa ndani ya kasoko yake, ni volkano. Na Kyejo ulitapika mto wa mawe ya moto kiasi cha miaka 200 iliyopita, wakati ambapo babu wa babu zetu walikuwa wakilima chini yake. Majirani hao ni vijana wenye hasira karibu na mzee aliyekwisha kutulia.

Sasa nifike kileleni, maana huko ndiko kulikonifanya niandike.

Anayesimama juu ya Mbeya katika siku angavu ya Julai anaona nchi imepasuka. Hilo si neno la mshairi. Bonde la Ufa, ambalo limeigawa Afrika Mashariki kutoka kaskazini, hugawanyika na kukutana tena katika eneo hili, hata matawi yake matatu, la Rukwa kaskazini-magharibi, la Usangu kaskazini-mashariki, na la Nyasa kusini, yanaelekeana kama barabara katika njia panda. Na kwa kuwa nchi imepasuka namna tatu, maji nayo huenda njia tatu, wala sijui mahali pengine katika Tanzania ambapo mtu asiye na ramani wala chombo aweza kulielewa jambo hilo kwa kugeuza shingo tu.

Tuanze magharibi. Vijito vitelemkavyo upande wa Mbalizi, pamoja na maji ya Nzovwe yapitayo katika mji wa Mbeya, huingia mto Songwe, ule uendao kaskazini kupita kiwanda cha saruji na chemchemi za maji ya moto, na Songwe huishia Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Tone liingialo humo halitaiona bahari kamwe. Hutoka kwa njia ya jua tu, likiacha chumvi yake nyuma, na ndiyo maana maji ya Rukwa yana magadi, na ziwa lenyewe hupanuka na kunywea kwa kufuata mvua. Isichanganywe Songwe hii na Songwe nyingine, iliyo mpaka wetu na Malawi, ambayo hushuka Ziwa Nyasa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mito miwili yenye jina moja iliyopeana visogo.

Geuka mashariki. Maji ya upande ule, yanayokusanywa na mto Mkoji na mito mingine ishukayo kutoka milima ya Poroto na Kipengere, huenda kwenye uwanda wa Usangu, hulisha majaruba ya mpunga ya Mbarali, huingia katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha huwa Ruaha Mkuu, mto ambao mabwawa ya Mtera na Kidatu huutegemea, na ambao hatimaye huungana na Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Tangu mwaka 1993 mto huo, upitapo katika hifadhi ya wanyama, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Serikali iliwahamisha wafugaji Usangu mwaka 2006, na mwaka 2008 Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Na mjadala wa nani aliyeyamaliza maji, mwenye ng'ombe au mwenye jaruba, haujapoa hata leo. Mimi si mwamuzi wa shauri lile. Nasema tu kwamba wote wanaoshtakiana wako chini, na kwamba sijamsikia mmoja wao akiuliza habari za huku juu, ambako ugomvi wao huanzia ukiwa na unene wa kidole.

Kusini, nyuma ya Poroto, maji ya mto Kiwira huteremka Kyela na kuingia Nyasa, kutoka Nyasa huingia Shire, kutoka Shire huingia Zambezi, na kupitia Msumbiji huifikia bahari ile ile ya Hindi mamia ya maili mbali na mdomo wa Rufiji. Upepo wa kusi, upitao juu ya Ziwa Nyasa na kubeba unyevu wake, huugonga mlima Rungwe na kuangusha mzigo wake wote pale, hata Tukuyu ikawa miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kupita pote katika nchi yetu, ilhali Usangu, isiyo mbali kwa ndege arukaye, hungoja kwa kiu. Kutoka juu ya Mbeya hili huonekana kama lilivyo: wingu jeupe limekwama upande mmoja, na upande wa pili anga ni tupu na nchi ni ya kahawia.

Alasiri ikishuka, lazima mtu atafute maskani. Mgeni hupenda kutandika hema bondeni, akidhani bonde litamkinga na baridi; lakini hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, na usiku usio na mawingu hutiririka kutoka vileleni na kujaa katika mabonde, hata jalidi huonekana asubuhi huko chini wakati bega la mlima juu yake ni kavu. Kilele nacho hakifai, kwa upepo, na katika miezi ya mvua, tangu Novemba hata Mei, hakifai kwa radi, ambayo katika nyanda hizi huua watu na ng'ombe. Mahali pema ni begani, chini kidogo ya mgongo wa mlima, upande usioelekea kusi, juu ya majani mafupi yasiyo na njia ya mifugo. Hapo hukaza kamba zangu, huweka maji ya asubuhi ndani ya hema yasigande, na hupika kabla giza halijaingia.

Giza likiingia, taa za Mbalizi huwaka, na barabara ya Tunduma huwa uzi wa nuru unaotembea. Wakati mwingine ndege hushuka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, na taa zake huonekana chini yangu, jambo ambalo sijalizoea bado, kutazama ndege kwa juu. Lakini sauti ipandayo vizuri kuliko zote ni honi ya treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Husikia honi yake ikitokea upande wa mji, ikanyamaza ndani ya mikato ya milima, ikatokea tena upande wa Songwe, na kwa muda huo wote huwa najua kwamba kuna watu mia kadhaa wamelala wamekaa, wakienda Zambia, nao hawajui kwamba yuko mtu juu yao anayewasindikiza kwa masikio.

Khofu ipo, na asemaye haipo hajalala huko. Huja kati ya saa saba na saa tisa za usiku, wakati upepo unapolikamata hema na kulitikisa, na akili, isiyo na mwenzi wa kuisahihisha, hufanya kila sauti kuwa mguu wa mtu. Nimejaribu dawa nyingi, na iliyonifaa ni moja: kuitaja sauti kwa jina lake. Ile ni kamba ya kushoto. Ile ni nyasi juu ya turubai. Yule ni bundi, naye yumo katika kipande cha msitu chini, mbali. Sauti iliyokwisha kupata jina haina tena nguvu ya kuzua, na ile isiyopata jina, mtu huwasha tochi akaitazama. Kisha usingizi hurudi, na kabla ya alfajiri mlima huwa kimya kiasi cha kumwamsha mtu kwa ukimya wake.

Asubuhi katika miezi ile ya Juni na Julai, mabonde yote hujaa ukungu, na vilele, Loleza, Rungwe, mgongo wa Poroto, hubaki nje kama visiwa. Na jua likipata nguvu ukungu huinuka na kuraruka, na mtu huona mto baada ya mto ukifunuliwa mahali pake. Huo ndio wakati wangu wa kazi. Hutembelea chemchemi. Iko moja iliyo katika kipande cha msitu wa asili, chini ya mizizi ya mti mkubwa uliofunikwa kuvu, ambapo maji hutoka baridi na bila sauti, yakijaza shimo lenye upana wa beseni, ambalo chini yake mchanga huchezacheza daima kwa nguvu ya maji yapandayo. Hukaa hapo muda mrefu. Jani likianguka juu ya maji hayo huzunguka polepole, likatafuta njia ya kutokea, likaenda. Na ninapolitazama najua kwamba mwisho wake ni Rukwa.

Chemchemi ya pili iko chini zaidi, na katika safari ninayoisimulia hapa ilikuwa imebadilika. Mwaka uliotangulia nilijaza chupa yangu kwa kuiinamisha tu. Safari hii nilikuta tope lenye alama za kwato, na maji kiasi cha kulowesha kitambaa. Hapakuwa na moto uliopita, wala mvua haikuwa haba masika yale. Kilichoongezeka ni mikaratusi, mirefu sasa kuliko nyumba, iliyopandwa mpaka karibu kabisa na jicho la maji. Nikahesabu hatua kutoka mti wa kwanza hata topeni, zikawa hatua kumi na nne. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60.

Nilipoteremka, mzee alikuwa ameketi nje, na baada ya salamu na kikombe cha chai hakuniuliza kama nilifika kileleni wala kama niliona mbali. Aliniuliza, “Maji yakoje?” Nikamweleza habari za chemchemi ya juu, akaridhika; nikamweleza za chini, akaweka kikombe.

“Hatua ngapi?”

“Kumi na nne, baba.”

“Hiyo ni miti ya mwanangu,” akasema. “Aliipanda kwa ajili ya nguzo za umeme, na bei ni nzuri. Nilimwambia iko karibu. Akasema maji ni mengi.”

Akaninyamazia kitambo, nami sikutia neno, kwa kuwa shauri lilikuwa la nyumba yake. Kisha akaniomba nibaki mpaka kijana arudi kutoka Mbalizi, nimwambie mwenyewe, kwa sababu habari iletwayo na aliyelala kule haifanani na ya baba alalamikaye kibarazani. Kijana akaja jioni kwa pikipiki. Hakubisha, aliuliza maswali mazuri, kama miti ikikatwa maji yatarudi, na yatarudi baada ya muda gani, na nani atamlipa nguzo ambazo hazijakomaa. Nilijibu yale niliyoyajua, kwamba mahali pengi katika nyanda hizi watu wamekata mikaratusi vyanzoni na kupanda mivengi, ambayo huhesabiwa kuwa rafiki wa maji, na kwamba kazi hiyo haihitaji kufanywa kwa siku moja. Wakakubaliana baba na mwana kwamba safu nne zilizo karibu na jicho la maji ziondolewe kabla ya mvua za Novemba, ziuzwe kama kuni kwa wachoma matofali wa Mbalizi, na zilizobaki zisubiri kipimo cha mtu wa mazingira wa halmashauri. Mzee akataka miche ya mivengi iandaliwe tangu sasa, akanikabidhi kazi ya kuitafuta mjini.